Kijana Hakomai kwa Kusugua Benchi

Wanangu mnaofundisha mpira wa kikapu, nimechoka, sitawaficha. Ugomvi huu nimeusikia tangu bodi zetu zikiwa za mbao na viwanja vyetu vikiwa vya lami iliyopasuka, na leo bado unarudiwa neno kwa neno, msimu baada ya msimu. Huyu anasema vijana wapewe nafasi. Yule anasema mechi haishindwi na watoto. Kocha akifungwa mechi mbili, anawarudisha wakongwe. Akifungwa nne, viongozi wanamtimua, anakuja mwingine na yote yanaanza upya. Huku nyuma, kijana aliyesajiliwa na miaka 18 ametimiza 23, na bado tunamwita chipukizi.

Hata hivyo mtu mzima hana ruhusa ya kuchoka akanyamaza. Nitasema tena, polepole, na nawaomba safari hii mnisikilize mpaka mwisho.

Nina neno moja tu. Kijana hakomai kwa kusugua benchi, wala hakomai kwa kutupwa uwanjani na vijana wenzake wakahangaike. Hukomaa kwa dakika za kweli, zilizopangwa kabla ya mechi, akizicheza ubavuni mwa mkongwe ambaye bado ana nguvu. Mengine yote nitakayosema ni kulifafanua hilo.

Kwanza tazameni mnavyowaingiza. Timu inaongoza kwa pointi 25, zimebaki dakika mbili na nusu. Kocha anageuka, ananyoosha kidole mwisho wa benchi. Kijana anaruka, anavua fulana ya juu kwa pupa mpaka inamkwama kichwani. Magoti bado ni ya baridi, maana amekaa tangu mechi ilipoanza. Anaingia pamoja na wanne wengine waliokaa naye. Hakuna anayeita mchezo, hakuna anayepanga safu, na majukwaani watu wameshaanza kuinuka. Mpira unamfikia mara ya kwanza, anatupa. Unamfikia mara ya pili, anatupa tena, kutoka mbali zaidi, kwa sababu anajua nafasi hii ikimpita, hajui nyingine ni lini. Filimbi inalia. Kocha anaandika kwenye daftari lake: huyu hana subira, anapenda kutupa tu.

Mwanangu, wewe ndiye uliyemfundisha. Umempa dakika ambazo hazina cha kujifunza ila uroho, kisha ukamhukumu kwa uroho ule ule.

Sasa tuwatazame vijana watatu waliotoka huku kwetu, wakafika ambako wengi wanatamani kufika. Mmoja ni wa Dar es Salaam, mmoja wa Goma, mmoja amekulia Kampala. Kila mmoja ana somo lake.

Hasheem Thabeet mnamjua. Mita 2.21, mtoto wa Dar, aliyeanza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari. Alikwenda Marekani, akacheza miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mara mbili, 2008 na 2009, akatangazwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti nzima ya NBA. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Hapakuwa na Mtanzania aliyewahi kucheza katika ligi hiyo kabla yake, na furaha iliyokuwapo hapa nyumbani haisimuliki.

Msimu wake wa kwanza alicheza wastani wa dakika kama 13 kwa mechi. Mbele yake alikuwepo Marc Gasol, aliyekuwa akipanda kwa kasi, na timu iliyoshinda mechi 24 msimu uliotangulia ilikuwa imeanza kuonja ushindi. Mwaka ule ilimaliza na mechi 40. Nani angetaka kuharibu mwendo huo? Februari 2010 Thabeet akateremshwa ligi ndogo, kwa Dakota Wizards. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kuteremshwa kabla ya siku hiyo. Mwaka uliofuata akapelekwa Houston, akapita Portland, akamalizia Oklahoma City mwaka 2014. Jumla ya mechi zake za NBA ni 224.

Nimewasikia watu wakimfanyia mzaha kijana huyu, na huwa nawaambia waache. Mapungufu alikuwa nayo, lakini yalijulikana tangu siku aliyochaguliwa. Mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 amekosa miaka kumi ya makosa ambayo wenzake walishayafanya utotoni. Deni hilo halilipwi kwa maneno. Chukueni jambo moja tu, skrini. Gadi wa upande wa pili anapita bega kwa bega na mwenzake aliyesimama imara, mlinzi wake ananaswa, na sasa senta wako ana nusu ya sekunde kuamua. Apande kumzuia mwenye mpira, au arudi kulinda kikapu? Akipanda, kisigino kikigusa sakafu amechelewa, anapitwa. Akirudi hatua moja kupita kiasi, mtupo wa katikati uko wazi. Na akiwa anawaza haya, yule aliyeweka skrini anakimbilia kikapuni nyuma ya mgongo wake. Ubaoni nitakuchorea hili kwa chaki na utaitikia kwa kichwa. Mwili hautalijua mpaka ulikosee mara mia mbele ya watu wanaotaka kukufunga kweli.

Na nani alikuwa karibu naye wa kumwambia “rudi hatua moja, mimi niko nyuma yako”? Gasol mwenyewe alikuwa na miaka 24 msimu ulipoanza. Mike Conley, O.J. Mayo, Rudy Gay, wote walikuwa vijana, kila mmoja akijitafutia njia. Sisemi kwamba hilo pekee ndilo lililomkwamisha. Nasema kijana aliyechelewa kuanza, asiye na dakika za kutosha wala mkongwe wa nafasi yake ubavuni, amepewa mzigo mkubwa kuliko mabega yake, hata akiwa na mita 2.21.

Wa pili ni Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, mwaka 2002. Golden State Warriors walimchagua wa saba mwaka 2021, na Juni 2022, akiwa na miaka 19, akatwaa ubingwa pamoja na Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green. Timu ile ilikuwa imetangaza nia nzuri, kushinda kwa wakongwe huku ikiwalea warithi wao. Ilikuwa imemchagua James Wiseman wa pili mwaka 2020, kisha Kuminga na Moses Moody mwaka mmoja baadaye. Ukiisikia nia hiyo, unasema huyo ndiye mwenye busara.

Nia ilikuwa njema, ila mpango haukushika. Wiseman aliumia goti, akakosa msimu mzima, akarudi na kuondoshwa Februari 2023 akiwa amewachezea mechi 60 tu. Kuminga alibaki, na kipo kipindi alichocheza sana na kung’ara. Lakini mwendo wake ulikuwa wa kupanda na kushuka. Aprili 2025, baada ya Jimmy Butler kuletwa, kocha Steve Kerr alimwacha benchi mechi nzima ya mwisho ya msimu dhidi ya Los Angeles Clippers, na mechi iliyofuata ya mchujo dhidi ya Memphis pia hakucheza hata sekunde moja. Mwezi uliofuata Curry akaumia msuli wa paja dhidi ya Minnesota. Yule yule aliyekuwa hahitajiki akaitwa haraka, na katika mechi ya tatu ya mfululizo ule akafunga pointi 30. Warriors walifungwa.

Kerr si mjinga, na simtii hatiani. Alikuwa na mechi ya kushinda usiku ule, na hesabu yake ya usiku ule ilikuwa na maana. Shida inakuja ukizijumlisha hesabu za usiku mmoja mmoja kwa miaka minne. Kijana asiyejua kama kesho atacheza dakika 30 au hatacheza kabisa hujifunza kulazimisha. Kila mpira anaugeuza kuwa kesi yake ya kujitetea. Na siku unayomhitaji kweli, unampata mtu mwenye kipaji kikubwa aliyefundishwa kutokuamini kesho. Pointi 30 zile zilikuwa zake kwa haki. Lakini jiulizeni kimoyomoyo, je, kama dakika zake zingekuwa na kanuni tangu mwanzo, wangemwita akiwa mgeni katika timu yake mwenyewe?

Wa tatu ni Khaman Maluach. Amezaliwa Sudan Kusini, amekulia Kawempe, Kampala. Alichukuliwa na kituo cha NBA cha kulea vijana wa Afrika kilichopo Saly, Senegal. Mwaka 2022 Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilianza utaratibu ambao kila timu ilipokea kijana mmoja kutoka kituo hicho na kumweka kikosini. Maluach akapitia humo. Alichezea Cobra Sport ya Sudan Kusini, kisha AS Douanes ya Senegal, kisha City Oilers ya Uganda, kila mara akiwa mtoto katikati ya watu wazima waliokuja kushinda. Shirikisho la Sudan Kusini, chini ya Luol Deng, pamoja na kocha Royal Ivey, wakampeleka Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16, na Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na 17.

Angalieni kilichofanyika. Hakuna aliyemwambia Cobra akubali kufungwa kwa ajili ya mtoto. Hakuna aliyewaondoa watu wazima wa Sudan Kusini ili yeye apite. Timu ile ilifungwa na Marekani kwa pointi moja tu jijini London Julai 2024, 101 kwa 100, na Paris ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, ushindi wake wa kwanza wa Olimpiki. Dakika za Maluach hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa na mahali pake, zilijulikana, na kila aliyesimama naye alijua yule ni mtoto wa timu anayelelewa. Baada ya hapo akacheza mwaka mmoja Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi, akaenda Phoenix Suns. Safari yake ndiyo kwanza imeanza na sitamtabiria. Ninachokisifu ni ngazi aliyowekewa. Kila kidato cha ngazi hiyo kilitengenezwa na mtu aliyekaa chini akapanga.

Mtaniuliza, basi mzee, tufanye nini? Nahodha wa jahazi hamwachii kijana usukani kwa mara ya kwanza siku ya dhoruba, wala hasubiri mpaka yeye afe. Anampa siku ya upepo wa kawaida, mwendo wa kweli, mzigo ukiwa ndani, naye akiwa amesimama hatua moja nyuma. Fanyeni hivyo.

Mechi yetu ina dakika 40, na wachezaji watano wakiwa uwanjani, kocha ana dakika 200 za kugawa. Sikuombi nusu. Nakuomba 30. Ziandike kabla ya mechi, kwa majina ya vijana wawili. Mmoja aingie robo ya pili inapoanza, wakati matokeo bado yako wazi na wapinzani hawajachoka. Mwingine aingie katikati ya robo ya tatu. Usiwaingize na kundi la akiba tupu. Waweke na wakongwe watatu au wanne, na mmoja wa hao awe anayeshika mpira, mwenye mdomo wa kuelekeza. Mwambie kijana siku mbili kabla ataingia lini, atamkaba nani, kazi yake ni ipi. Mpe kazi mbili, zisizidi: rudi kulinda kabla mpira haujavuka katikati, na mzuie mtu wako asipate ribaundi. Pointi usimdai. Zitakuja.

Kisha tofautisha makosa. Akizembea kurudi kulinda, mtoe hapo hapo, na umwambie sababu. Akisoma skrini vibaya, mwache amalize dakika zake, kwa maana hilo ndilo alilokuja kujifunza. Ukimtoa kwa kila kosa, utamfundisha kuliangalia benchi badala ya kuangalia mchezo, na mchezaji anayekuangalia wewe hatakufaa kitu. Dakika nne za mwisho za mechi ngumu wape waliozistahili. Hapo sitakulaumu hata kidogo ukiwarudisha watu wazima wote.

Nanyi wakongwe, msijifiche nyuma ya kocha. Sehemu kubwa ya jambo hili iko mikononi mwenu. Mwaka 1997 San Antonio Spurs walimpata Tim Duncan, na pale alikuwepo David Robinson, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 1995, mwenye timu. Robinson angeweza kumbania. Akamfungulia. Wakachukua ubingwa pamoja 1999, na tena 2003, mwaka Robinson alipostaafu. Mechi yake ya mwisho, dhidi ya New Jersey Nets, mkongwe alipata pointi 13 na ribaundi 17. Duncan alipata pointi 21, ribaundi 20, pasi za kufunga 10 na kuzuia mitupo 8. Nani aliyepungukiwa hapo?

Timu hiyo hiyo ilimchukua Tony Parker wa 28 mwaka 2001, na kocha Gregg Popovich akamweka kikosi cha kuanzia akiwa na miaka 19, Duncan na Robinson wakiwa wamemzunguka. Manu Ginóbili, ambaye popote pengine angeanza kila mechi, alikubali kutokea benchi, akawa mchezaji bora wa akiba wa ligi mwaka 2008, na akaendelea kucheza mpaka miaka 40. Mwaka 2014 Duncan alikuwa na miaka 38, na mchezaji bora wa fainali akawa Kawhi Leonard, kijana wa miaka 22. Ubingwa mara tano kati ya 1999 na 2014, na ndani ya miaka hiyo yote hawakuacha kulea. Anayesema huwezi kushinda huku ukilea, mwonyesheni miaka hiyo.

Kwa hiyo mkongwe, heshima yako haipimwi kwa dakika ngapi umecheza. Ukimwona kijana anaingia, mwite pembeni umwambie mtu wake anapenda kwenda mkono gani. Akikosea, mpigie makofi mawili ya kumwinua kabla kocha hajafungua mdomo. Siri ulizozipata kwa miaka 15 usizifiche. Siku utakapoacha, zitakwenda nawe nyumbani na hazitamfaa mtu.

Nanyi vijana, msidhani nimekuja kuwatetea tu. Dakika hizo 30 ni za kazi. Kijana anayefika mazoezini nusu saa baada ya wenzake, anayejirekodi simu akipiga danki lakini hajui mfumo wa ulinzi wa timu yake, huyo asinitume kwa kocha. Ukiwa benchi, kaa karibu na mkongwe na umuulize ameona nini. Msiwaombee wakongwe waondoke haraka. Siku wakiondoka wote kabla hamjajifunza, nafasi mtakayoipata itakuwa ya kufungwa kwa pointi 40, na mashabiki watawazomea ninyi.

Viongozi wa vilabu, ninyi ndio mnaonichosha zaidi, kwa sababu wengine wote wanafuata mnachokipima. Mkimpima kocha kwa mechi nne, atawachezesha wakongwe mpaka magoti yaishe. Kila mwaka michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, inatuonyesha watoto wenye urefu, mikono laini na macho ya mchezo. Tunawashangilia wiki mbili, kisha mnakwenda kusajili mchezaji aliyekwisha pikwa na klabu nyingine. Andikeni katika mkataba wa kocha kwamba mwisho wa msimu mtahesabu ushindi, na mtahesabu pia dakika za walio chini ya miaka 21. Mkitaka yote mawili, mlipieni yote mawili, na mumpe muda wa kuyafanya.

Nimemaliza. Msimu bado haujaanza, kwa hiyo hamna kisingizio cha haraka. Kocha, kabla ya usajili kufungwa, andika majina mawili ya vijana, na mbele ya kila jina andika dakika zake na jina la mkongwe atakayesimama naye. Mpelekee kiongozi wako atie saini. Mechi ya kwanza mkifungwa, karatasi hiyo msiichane. Ya pili mkifungwa, msiichane. Mungu awape subira ya kufika mechi ya kumi nayo ikiwa nzima.